Jeli inayofunguka jeni lengwa likionekana: mwongozo wa kuunda hidrojeli ya DNA inayokatwa na Cas12a

Tone la jeli lenye ukubwa wa punje ya choroko limekaa chini ya kichupa. Ni jekundu, kwa sababu ndani yake zimefungwa chembe ndogo mno za dhahabu. Maji yaliyo juu yake ni maangavu, na yatabaki hivyo hata ukiyaacha usiku kucha. Ongeza kimeng'enya cha Cas12a pamoja na sampuli yenye kipande cha jeni unachokitafuta. Kama kila kitu kimepangwa sawasawa, baada ya saa chache jeli italegea na kumumunyika, na maji yote yatakuwa mekundu.

Hapa tutaiunda jeli hiyo kuanzia kwenye karatasi ya mahesabu hadi kwenye kichupa. Nimemwandikia mtu ambaye tayari amewahi kushika pipeti, amefanya PCR na kuendesha elektroforesi, lakini hajawahi kutengeneza polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli ndogo zilizoungana. Wengi wanaoanza kazi hii hukimbilia kemia ya jeli, wakadhani ugumu uko kwenye kuigandisha. Kugandisha ni rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye uzi mmoja mfupi wa DNA unaoshikilia jeli, ambao hapa nitauita daraja. Ukilikosea daraja, hakuna kimeng'enya wala bafa itakayokuokoa, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu itakaa hapo.

Wazo la kushikanisha polima kwa DNA ni la zamani kuliko CRISPR, teknolojia ya kukata jeni ambayo Cas12a ni mojawapo ya vimeng'enya vyake. Nagahara na Matsuda walilichapisha mwaka 1996: walipachika vipande vifupi vya DNA kwenye minyororo ya polima, kisha wakaacha vipande hivyo vikutane na wenzake hadi mchanganyiko ukaganda. Cas12a ilielezwa mwaka 2015 ikiwa bado inaitwa Cpf1. Mwaka 2018 ndipo ilipojulikana tabia yake ya ajabu: ikishatambua DNA inayoitafuta, haiishii kuikata hiyo tu, bali huanza kukata ovyo kila DNA ya uzi mmoja, yaani isiyojisokota na uzi mwenzake, iliyo karibu. Mwaka 2019 Max English na wenzake katika kundi la James Collins, huko Massachusetts, waliunganisha mawazo hayo mawili: kama jeli imeshikiliwa na nyuzi za DNA, basi kimeng'enya kinachokata nyuzi kikipata ishara kinaweza kuibomoa.

Kwa nini Cas12a na si Cas9

Cas9 ndiyo maarufu zaidi, ila kwa kazi hii haifai. Hukata lengwa lake mara moja, kisha huling'ang'ania. Kila daraja la jeli lingehitaji Cas9 yake, na daraja lenyewe lingepaswa kubeba mfuatano wa lengwa. Ukibadili ugonjwa unaoupima, unabadili jeli nzima. Kwa Cas12a jeli hubaki ileile; unabadili RNA elekezi tu, yaani kipande kifupi cha RNA kinachokionyesha kimeng'enya lengwa lake. Cas13 nayo ina tabia hiyo ya kukata ovyo, lakini hukata RNA, na RNA huoza kwa urahisi mno kiasi kwamba jeli iliyoshikiliwa nayo inaweza kubomolewa na jasho la kidole chako.

Hatua ya 1: Chora daraja

Jeli yetu ina vipande vitatu vya DNA. Uzi wa X umepachikwa kwenye minyororo ya polima ya kwanza, na uzi wa Y kwenye minyororo ya polima ya pili. Daraja lina mkono mmoja unaomshika X, mkono mwingine unaomshika Y, na kiuno kilicho wazi katikati. Cas12a hupendelea uzi mmoja ulio wazi kuliko nyuzi mbili zilizojisokota, kwa hiyo mikono inabaki salama na kiuno ndicho kinachokatwa.

Kwa kuanzia, ipe kila mkono herufi 18 za DNA (A, T, G au C) na kiuno herufi 15, jumla 51. Mikono iwe na G na C kwa takriban nusu, ili isiachie kwenye nyuzijoto 37 ambako kimeng'enya kinafanya kazi. Kiuno kijazwe T na A peke yake, kwa mfano TTATTTATTATTATT. Cas12a hukata maeneo ya namna hiyo kwa wepesi, na zaidi ya hapo mfuatano wa T na A haujikunji kwa nguvu. Kiuno kinachojikunja na kujishika chenyewe hakiko wazi tena, hata kama kwenye karatasi kinaonekana wazi.

Sasa yako mambo matatu ambayo programu za kuchora DNA hazitakuambia zenyewe.

La kwanza ni upande wa kupachika. X na Y huagizwa zikiwa na kishikizo cha kemikali kinachoitwa Acrydite kwenye ncha ya 5', yaani mwanzo wa uzi, na kishikizo hicho ndicho kinachoingia kwenye mnyororo wa poliakrilamaidi, ambayo ndiyo polima ya jeli hii. DNA hushikana kwa kuelekeana kinyume. Matokeo yake, ukiweka kishikizo kwenye ncha ya 5' ya nyuzi zote mbili, mnyororo mmoja utafungwa kwenye ncha ya nje ya daraja, na mwingine utafungwa pembeni kabisa mwa kiuno, palepale unapotaka kimeng'enya kipite. Chora kwa penseli na mishale utaona. Dawa rahisi ni kuongeza T tano kati ya kishikizo na sehemu inayoshikana, ili polima isogee mbali kidogo. T hizo nazo ni uzi ulio wazi, kwa hiyo Cas12a inaweza kukata hapo pia, na hiyo ni faida kwako.

La pili ni hatari zaidi. Cas12a ikitafuta lengwa lenye nyuzi mbili huhitaji alama ya TTTV pembeni yake, ambapo V ni A, C au G. Lakini lengwa likiwa uzi mmoja, alama hiyo haihitajiki. Maana yake, kama mkono wa daraja, au X, au Y, unafanana na mfuatano ambao RNA elekezi inautafuta, jeli yenyewe itakiamsha kimeng'enya na kujibomoa bila sampuli yoyote. Linganisha kila uzi wa jeli na kila RNA elekezi utakayowahi kuitumia, kwa pande zote mbili, kabla ya kuagiza chochote.

La tatu: hakikisha X na Y havishikani vyenyewe, na kwamba daraja haliwezi kushika daraja jingine. Ukurasa wowote wa bure wa kukagua mikunjo ya DNA utakufanyia hilo kwa dakika tano.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla ya kutoa pesa

Usiiruke hatua hii. Nimeona watu wakingoja kifurushi cha DNA wiki kadhaa, wakakikomboa forodhani, kisha wakagundua kwamba kiasi walichoagiza kinatosha jeli mbili tu.

Tuseme unataka jeli ya mikrolita 10. Changanya mikrolita 4 za polima ya X yenye DNA milimola 1.5 (milimola na nanomola ni vipimo vya ukolezi; nanomoli na pikomoli ni vya kiasi), mikrolita 4 za polima ya Y yenye kiasi hichohicho, na mikrolita 2 za daraja lenye milimola 3. Kila kimoja kinaleta nanomoli 6, na ndani ya jeli kila kimoja kinafikia milimola 0.6. Nanomoli 6 za daraja la herufi 51 zina uzito wa karibu mikrogramu 95. Kwa jeli 50 unahitaji nanomoli 300 za kila uzi, bila kuhesabu kinachopotea njiani. Agiza angalau mara mbili ya hapo.

Hesabu ya pili ni ya kimeng'enya, nayo ndiyo itakayokuonyesha mipaka ya teknolojia hii. Jeli yako imezamishwa kwenye mikrolita 50 zenye Cas12a nanomola 100 iliyokwisha amshwa, yaani pikomoli 5. Madaraja ni nanomoli 6. Kila molekuli ya kimeng'enya ina madaraja 1,200 ya kukata. Takwimu za mwanzo za kasi ya Cas12a zilikuwa kubwa kupita kiasi na zikasahihishwa baadaye. Leo ni busara kukadiria mkato mmoja kwa sekunde au chini ya hapo. Kwa kasi hiyo kazi ingechukua dakika 20 kama madaraja yote yangekuwa yanaelea huru majini. Ndani ya jeli itachukua muda mrefu zaidi.

Sasa badilisha kitu kimoja: lengwa liwe nanomola 1 tu. Kimeng'enya kisichopata lengwa kinabaki kimelala, kwa hiyo walio kazini ni femtomoli 50, na kila mmoja ana madaraja 120,000. Hiyo ni zaidi ya saa 33. Na nanomola 1 bado ni nyingi mno ukilinganisha na virusi vilivyo kwenye damu ya mgonjwa. Ndiyo maana sampuli halisi lazima kwanza izidishwe, mara nyingi kwa RPA, njia inayozidisha DNA kwenye joto moja la nyuzi 37 hadi 42 bila mashine ya PCR. Yeyote anayekuambia jeli ya DNA itapima damu moja kwa moja bila kuzidisha, mwambie akuonyeshe hesabu hii.

Kuna nafuu moja. Huhitaji kukata madaraja yote. Jeli huanguka pale tu mtandao unapokosa njia ya kuendelea kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo jeli yenye madaraja machache, inayoshikilia umbo lake kwa shida kidogo, hufunguka haraka kuliko jeli ngumu. Pambana na tamaa ya kutengeneza jeli imara.

Hatua ya 3: RNA elekezi

Kwa Cas12a ya bakteria wa Lachnospiraceae, ambayo ndiyo iliyotumiwa mwaka 2019 na ninayoipendekeza, RNA elekezi huanza na kichwa kisichobadilika: UAAUUUCUACUAAGUGUAGAU. Baada yake unaweka herufi 20 hadi 23 za lengwa. Zichukue kwenye uzi uleule wenye TTTV, mara tu baada ya alama hiyo, kisha geuza kila T kuwa U. Kosa linalojirudia kila mwaka kwa wanafunzi ni kuandika mfuatano wa upande wa pili; RNA ya namna hiyo haitatambua chochote, na utailaumu jeli bure.

Kwa mazoezi, agiza lengwa la kutengenezwa kiwandani, DNA ya nyuzi mbili yenye herufi mia moja hivi. Huhitaji kugusa sampuli ya mgonjwa kujifunza kazi hii. Kundi la Collins lilitumia mfuatano wa Ebola kuonyesha mfumo wao, na bila shaka msomaji wa Goma au Butembo ataelewa kwa nini: mlipuko wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo uliua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Hata hivyo kipande kifupi cha kutengenezwa ni jambo moja, na damu yenye virusi ni jambo jingine kabisa lenye maabara zake maalumu.

Hatua ya 4: Jaribu mkasi kabla ya jeli

Changanya Cas12a na RNA elekezi, nanomola 100 kwa 100 au RNA ikizidi kidogo, kwenye bafa yenye Tris milimola 10, kloridi ya sodiamu milimola 50, kloridi ya magnesiamu milimola 10, na BSA (protini inayokilinda kimeng'enya) mikrogramu 100 kwa mililita, pH 7.9. Magnesiamu ni ya lazima; bila hiyo kimeng'enya hakikati. Chumvi ya sodiamu usiipandishe, maana ikizidi milimola mia moja mkato unafifia. Acha dakika 10, weka lengwa, kisha weka daraja lako likiwa huru, bila polima yoyote. Baada ya saa moja kwenye nyuzi 37, simamisha kwa EDTA, kemikali inayoiteka magnesiamu, na uendeshe kwenye jeli ya elektroforesi yenye urea.

Bila lengwa, uone mstari mmoja wa herufi 51. Pakiwa na lengwa, mstari huo upotee na vipande vifupi vitokee. Kama unayo mashine ya kusoma mng'aro, tumia pia uzi mfupi wa TTATT wenye rangi upande mmoja na kizima-rangi upande wa pili, nao utakupa kasi kwa dakika. Usisogee hatua inayofuata mpaka hili limefanya kazi mara tatu mfululizo.

Kimeng'enya kigawanye kwenye vichupa vidogo siku ya kwanza tu unapokipokea, na vichupa hivyo uvizungushie barafu ya pakiti ndani ya friza. Umeme ukikatika usiku, pakiti hizo ndizo zitakazokuokoa.

Hatua ya 5: Tengeneza polima mbili

Akrilamaidi kabla haijaungana ni sumu ya neva na hupenya ngozi. Glavu mbili, miwani, na kama unapima unga, fanya kwenye kabati la kufyonza hewa. Ni bora ununue iliyoyeyushwa tayari. Usiweke bisakrilamaidi hata chembe. Hiyo ingeshikanisha minyororo kwa vifundo ambavyo Cas12a haiwezi kuvikata. Ukitumia chupa ileile ya mchanganyiko wa elektroforesi kwa kusahau, utapata jeli nzuri ya kupendeza isiyofunguka kamwe.

Kwa X: akrilamaidi asilimia 4, uzi wa X milimola 1.5, kwenye bafa yenye Tris na chumvi. Kwa uwiano huo kuna DNA moja kwa kila molekuli 375 hivi za akrilamaidi. Ondoa oksijeni kwa kuweka kichupa kwenye ombwe dakika 10 au kwa kupitisha nitrojeni taratibu, kwa sababu oksijeni huua mwitikio huu. Kisha ongeza APS iliyotengenezwa leo hii, si ya wiki iliyopita, na TEMED; hizi ndizo kemikali mbili zinazoianzisha akrilamaidi kuungana. Funga, acha kwenye ombwe au nitrojeni. Kimiminika kitakuwa kizito kama asali nyepesi. Kikiganda kabisa, kuna kitu umekosea. Y vivyo hivyo, kwenye kichupa chake.

Halafu safisha. DNA ambayo haikuingia kwenye mnyororo ni adui wa kimyakimya: inashika mkono wa daraja bila kushikilia chochote. Tumia kichujio cha sentrifuji kinachozuia molekuli kubwa za kilodaltoni 100, osha mara tatu kwa bafa, na kwa njia hiyo utaondoa pia mabaki ya akrilamaidi. Jaribio la uhakika ni kuendesha tone kwenye elektroforesi: DNA iliyoshikwa na polima hubaki kisimani pale juu, iliyo huru hukimbia chini. Pima kiasi cha DNA kwa mwanga wa nanomita 260 baada ya kusafisha, kamwe si kabla.

Hatua ya 6: Gandisha

Changanya polima ya X na ya Y kwanza. Polima nzito hufanya pipeti idanganye, kwa hiyo kata ncha ya kinyonyeo cha plastiki kwa wembe, na uvute polepole. Ongeza chembe za dhahabu kwenye maji ya daraja, kisha daraja kwenye polima, huku ukikoroga. Pasha mchanganyiko hadi juu ya joto la mikono kuachana, ambalo kwa mikono ya herufi 18 ukiwa na magnesiamu litakuwa karibu na nyuzi 70, kisha uuache upoe wenyewe taratibu. Kwa njia hiyo nyuzi hupata nafasi ya kuachia makosa na kushikana upya.

Chembe za dhahabu ziwe zimevikwa PEG, polima inayozizuia zisishikane. Zile za kawaida zenye sitrati zikikutana na magnesiamu milimola 10 hushikana na kugeuka zambarau mbele ya macho yako. Kipenyo cha nanomita 20 hadi 40 kinatosha. Ndogo zaidi zitavuja kupitia matundu ya jeli. Kama dhahabu haipatikani, dekstrani kubwa yenye rangi ya buluu itakufaa kwa majaribio ya mwanzo. Wako pia waliofungia kimeng'enya cha kuvunja wanga ndani ya jeli ya DNA na kusoma jibu kwa iodini: rangi ya buluu ikitoweka, jeli imefunguka. Napenda njia hiyo kwa sababu iodini na wanga ni vitu ambavyo kila maabara ya sekondari inavyo.

Sasa jambo linalowachanganya wengi. Jeli ikikataa kuganda, watu huongeza daraja. Ikazidi kuwa maji, wakaongeza tena. Fikiria kinachotokea: daraja likizidi, kila X inapata daraja lake peke yake na kila Y lake peke yake, na hakuna daraja linaloshika pande zote mbili. Uwiano unaotakiwa ni moja kwa moja kwa moja. Tengeneza jeli tano ndogo za mikrolita 5 zenye daraja la nusu, robo tatu, moja, moja na robo, na moja na nusu. Pindua vichupa. Chagua ile yenye daraja dogo kuliko zote ambayo bado haiporomoki.

Hatua ya 7: Osha, subiri, osha tena

Weka juu ya jeli bafa yenye magnesiamu ileile, badilisha baada ya saa moja, rudia mara tatu, kisha iache usiku. Asubuhi pima mwanga wa nanomita 520 kwenye maji ya juu. Kama rangi bado inavuja, jeli hiyo haiko tayari kuulizwa swali lolote. Kamwe usioshe kwa maji matupu: chumvi ikiisha, mikono ya DNA huanza kuachia, na kuvuja huko utakuita kukatwa.

Hatua ya 8: Jaribio lenyewe

Vichupa sita, vyote kwenye nyuzi 37, vyenye mikrolita 50 kila kimoja. Cha kwanza kina kila kitu. Cha pili hakina lengwa. Cha tatu kina lengwa la uongo, lenye urefu uleule lakini mfuatano tofauti. Cha nne hakina RNA elekezi. Cha tano kina bafa peke yake. Cha sita kina DNase I, kimeng'enya kinachokata DNA yoyote, bila Cas12a, kuthibitisha kwamba jeli hii inaweza kufunguka DNA yake ikikatwa. Chota mikrolita 2 kila nusu saa, pima, na uchore mstari.

Kichupa cha tatu ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Wengi hukiacha kwa sababu DNA ya ziada inagharimu, wakatosheka na kichupa kisicho na lengwa. Lakini mgonjwa hana kitu kinachoitwa "bila DNA". Damu yake imejaa DNA isiyo lengwa, na jeli lazima ikae kimya mbele ya hiyo yote.

Cas12a pamoja na RNA yake ni mzigo mkubwa, zaidi ya kilodaltoni 150, na huingia ndani ya jeli pole pole. Muda wa kupenya huongezeka kwa mraba wa unene: jeli nene mara mbili inasubiri mara nne. Kwa hiyo tandaza jeli iwe bapa badala ya tone la duara. Kama mstari wako unapanda kwa kukawia sana halafu ghafla, unene ndio unaokuchelewesha.

Ikikataa

Kichupa cha sita kimefunguka lakini cha kwanza hakikufunguka: tatizo liko kwenye kimeng'enya au lengwa. Rudi hatua ya 4 na utumie bafa uliyoiosha nayo jeli, maana mabaki ya APS au chumvi hujificha humo. Hakuna hata kimoja kilichofunguka, pamoja na cha DNase: umetumia bisakrilamaidi, au polima zimejifunga zenyewe. Vyote vimefunguka, hata cha bafa peke yake: mikono mifupi, magnesiamu imesahaulika, au kuna DNase kwenye maji yako. Cha kwanza na cha pili vimefunguka pamoja, ila cha nne kimetulia: RNA elekezi inafanana na uzi fulani wa jeli, au lengwa limechafua vichupa vyako. Hilo la uchafu huja hasa baada ya kuanza RPA. Bidhaa ya RPA ni mabilioni ya nakala za lengwa lako. Kichupa kikifunguliwa mara moja karibu na jeli, kila jibu la wiki hiyo litakuwa ndiyo. Zidisha chumba kimoja, fungua chumba kingine, na pipeti zisihame.

Ukitaka kwenda mbele: karatasi

Jeli ya kichupani ni ya kujifunzia. Iliyo karibu zaidi na zahanati ni ile ya karatasi, ambapo jeli haifungii rangi bali inaziba njia. Unachora njia nyembamba kwenye karatasi ya kuchuja kwa nta, unaliacha daraja likae kwanza na Cas12a na sampuli, kisha unalichanganya na polima mbili na kumimina mchanganyiko huo hapo. Kama daraja limekwisha kukatwa, jeli haigandi na maji yenye rangi hupita hadi mwisho. Kama bado ni zima, karatasi inaziba na rangi inasimama. Hapa kimeng'enya kinakata daraja likiwa huru majini kabla ya jeli kuwapo, kwa hiyo lile tatizo la unene halipo tena. Kundi la Massachusetts lilitumia mpangilio wa aina hii kwa RNA ya Ebola iliyogeuzwa kwanza kuwa DNA, wakasoma jibu kwa umeme kupita kwenye karatasi.

Ukianza nayo, rudia upya ule mfululizo wa uwiano wa hatua ya 6 juu ya karatasi yenyewe, kwa sababu nyuzi za karatasi hunyonya sehemu ya maji na kubadili kila kipimo ulichokizoea. Kata vipande ishirini kutoka ukurasa mmoja, si kutoka kurasa tofauti, na uandike nyuma ya kila kimoja tarehe ya polima iliyotumika.